Litungu na Kinubi cha Daudi

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari za reli. Nawaomba radhi, reli itangoja. Imenifikia barua kutoka Mugumu, wilayani Serengeti, na tangu niisome sijapata usingizi mzuri.

Mwandishi wa barua hiyo ni mzazi. Anasema mwanawe anayesoma shule ya msingi alirudi nyumbani siku moja akatangaza mbele ya babu yake kwamba litungu si mali yetu. Kwa maneno ya mtoto, chombo hicho ni cha Waasia, watu wa zamani wa Babeli na Yerusalemu, na sisi huku Mara tulikiokota tu njiani. Babu huyo amepiga litungu tangu ujana wake. Aliposikia hayo hakugomba wala hakucheka. Alilitundika litungu ukutani, na hadi barua inaandikwa ulikuwa mwezi wa tatu hajaligusa. Mzazi anamalizia kwa kuniomba niseme redioni kama maneno ya mtoto ni kweli au ni uongo, maana, anasema, mzee husikiliza redio.

Ndugu zangu, ningependa sana kujibu kwa neno moja. Lakini swali lenyewe halikubali neno moja, na mzee aliyenyamaza miezi mitatu anastahili zaidi ya "ndiyo" au "la hasha". Basi naomba tusogeze viti, tulitazame jambo hili taratibu.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajaliona litungu. Chukua bakuli kubwa la mti lililochongwa likawa na tumbo pana. Lifunike kwa ngozi ya ng'ombe iliyovutwa ikakaza. Kutoka humo zinapanda nguzo mbili za mti zinazoachana kama pembe za fahali, na juu yake umelazwa mti wa tatu wa kukingama. Nyuzi nane zinatoka chini kwenye ngozi, zinapita juu ya kidaraja kidogo, zinakwenda kufungwa kwenye mti ule wa juu. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ule ule uzi wa wavuvi wa Ziwa Viktoria. Mpigaji huketi kwenye kigoda, chombo kikiwa mbele yake, na hutumia vidole vya mikono yote miwili.

Hiyo ndiyo sura. Sauti ni habari nyingine. Wageni wakiona kinubi hutegemea kusikia sauti nyembamba ya malaika. Litungu la Wakurya huwashangaza, kwa sababu linaunguruma. Sauti yake iko chini kabisa, nzito, yenye mvumo kama wa nyuki walioko ndani ya mzinga, na ukiketi karibu unaisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Majirani zao Wakisii wa Kenya wana ndugu yake litungu, liitwalo obokano, nalo lina nyuzi nane na sauti nzito vile vile. Mwalimu mmoja wa muziki, Graham Hyslop, aliyeandika sana juu ya ala za Afrika Mashariki, alilifananisha obokano na lile zeze kubwa kuliko yote katika bendi za Kizungu, lile linalopigwa na mtu akiwa amesimama.

Watu wa mbali wanalijua litungu kwa ngoma. Wameona katika sherehe za kitaifa wanaume wa Tarime waliovaa viatu vya mbao vizito, njuga miguuni, vumbi linapanda, na mpiga litungu katikati. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mimi nimezaliwa katika tarafa ya Inchugu, karibu na mpaka, na litungu nililolijua utotoni ni la usiku. Ng'ombe wameshaingia zizini, moto umebaki makaa, watoto tumeambiwa tunyamaze. Baba yangu mdogo anaanza kwa uzi mmoja, ule mzito kuliko yote, anaurudia na kuurudia. Baadaye anaongeza wa pili. Inaweza kupita robo saa nzima kabla hajafungua kinywa, na akifungua haimbi hasa, anasema kwa kuvuta sauti: majina ya mababu, ng'ombe waliokuwa na jina, rika lililotahiriwa mwaka wa njaa, vijana waliokwenda jeshi la KAR na hawakurudi. Watu wazima walikuwa wakitazama makaa bila kusema kitu. Siku hizi nasikia wataalamu wakiuita muziki wa namna hiyo muziki wa kutafakari. Sisi hatukuwa na jina lake. Tulijua tu kwamba wakati ule hakuna kuomba maji wala kugombana.

Sasa tuje kwenye swali la mtoto. Je, kuna ukweli wowote katika maneno yake?

Upo, tena mwingi. Kati ya mwaka 1922 na 1934 Mwingereza aliyeitwa Leonard Woolley alichimba magofu ya mji wa Uru, kusini mwa nchi iitwayo leo Iraki, mji ule ule ambao Biblia inasema Ibrahimu alitoka. Katika makaburi ya wafalme, yenye umri wa miaka kama 4,500, alikuta vinubi. Mti ulikuwa umeoza zamani sana na kubaki tundu tupu ardhini, lakini Woolley alikuwa mjanja: alimimina plasta ndani ya matundu hayo, ikaganda, na umbo la chombo likarudi. Alikuta kisanduku cha sauti, nguzo mbili, mti wa kukingama juu, na nyuzi kati yake. Yaani ni ukoo ule ule wa litungu. Na mbele ya kile kinubi maarufu kuliko vyote kulikuwa na kichwa cha fahali, kimetengenezwa kwa dhahabu, na ndevu za jiwe la buluu.

Hivyo katika habari tulizonazo, Asia ndiyo inayotoa ushahidi wa zamani kabisa. Na tunajua pia chombo hicho kilivyoonekana kikiingia Afrika. Huko Beni Hasan nchini Misri kuna kaburi la mkuu mmoja aliyeitwa Khnumhotep, na ukutani mwake kuna picha iliyochorwa kadiri ya mwaka 1890 kabla ya Kristo. Inaonyesha msafara wa watu wa Asia wakiwasili Misri na punda wao na watoto wao. Mmoja wao anatembea huku amebeba kinubi. Mtu akitaka kuona kwa macho yake chombo kikivuka kutoka bara moja kwenda jingine, picha ni hiyo.

Kutoka Misri kilipanda mto Nile hadi Nubia, ambako kipo mpaka leo. Kikaingia Ethiopia, ambako kuna aina mbili. Krari ni ya nyimbo za mapenzi na za sherehe. Begena, lenye nyuzi kumi, ni kubwa, zito, la sala. Waethiopia hulipiga hasa katika mfungo wa Kwaresima, mpigaji akiwa peke yake, akiimba kwa sauti ya chini juu ya mauti na toba. Nalo, sikilizeni hili, linavuma kama nyuki! Wao hupata mvumo huo kwa kuweka vipande vidogo vya ngozi kati ya uzi na daraja. Kule Buganda wanayo endongo, ambayo hufunikwa kwa ngozi ya kenge, na nyuzi huachwa ziguse ngozi hiyo ili zikwaruze. Wajaluo wana nyatiti yao ya nyuzi nane; mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu na kugonga nayo mti wa chombo, ili mtu mmoja awe bendi nzima. Wabukusu wa Kenya magharibi wana chombo chenye jina kama la kwetu, litungu, lakini chao ni chepesi na cha nyuzi saba. Wakalenjin nao wana vya kwao.

Na sisi ndio wa mwisho. Ukitazama ramani ya vinubi vya namna hii katika Afrika, inaanza Misri, inafuata Nile, inazunguka Ziwa Viktoria upande wa kaskazini na mashariki, halafu inakomea huku kwetu Mara. Ukizidi kwenda kusini na magharibi unakutana na zeze, na marimba, na nanga ya Wahaya na Wakerewe, vyombo vyenye heshima yao, lakini si vya ukoo huu. Yule mzee wa Mugumu, bila kujua, ameshikilia ncha ya kusini ya uzi ambao ncha yake nyingine iko Uru.

Hata lugha yetu ya Kiswahili inanong'ona habari hiyo. Tunasema "kinubi". Mimi nikilitazama neno hilo naona Nubia ndani yake, kama tunavyosema Kinubi kwa lugha ya Wanubi. Na watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la kile chombo alichokipiga Daudi, walichukua hilo hilo.

Basi mtoto amesema kweli? Ngojeni kidogo. Kuna wenye haraka ambao wakifika hapa hufunga kitabu. Wengine hata hushangilia, kwa sababu wazee wetu Wakurya, kama Wakisii, wana masimulizi kwamba tulitoka mahali paitwapo Misiri. "Si mnaona?" wanasema. "Tulitoka Misri na kinubi chetu begani." Ingekuwa hadithi tamu. Lakini wanahistoria wengi wanaishuku Misiri hiyo. Wanasema masimulizi ya namna hiyo yalipata nguvu baada ya wamisionari kuja na Biblia, na kwamba Misiri ya wazee inaweza kuwa mahali popote kaskazini, labda pande za Mlima Elgon. Kikurya ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kisii na Kingoreme na Kizanaki, na lugha haisemi uongo kirahisi. Babu zetu waliongea Kibantu, wakakutana na wafugaji wa makundi mengine, wakachukua kwao mambo ya marika na mambo ya ng'ombe. Kwa maoni yangu hata litungu lilipita njia hiyo, kutoka jirani hadi jirani, pengine kwa mahari, pengine kwa vita, pengine kwa kijana mmoja aliyesikia usiku mlio asioujua akakataa kurudi kwao mpaka afundishwe.

Kilichovuka, kwa hiyo, ni wazo: bakuli, nguzo mbili, mti wa juu, nyuzi. Wazo halina uzito, linabebwa hata na mtu asiye na kitu. Chombo chenyewe kimetengenezwa upya kila kilipofika. Hakuna aliyebeba litungu kutoka Babeli mpaka Nyamwaga. Mti ni wa hapa, ngozi ni ya ng'ombe wa hapa, na ule mngurumo wa chini kabisa hamtausikia kwa Wajaluo, ambao nyatiti yao ni ya juu na ya haraka, ingawa tunagusana nao mipaka. Mtu mmoja alikaa chini huku kwetu akaamua kwamba anataka sauti ile na si nyingine. Jina lake limepotea, lakini kazi yake ipo.

Nitatoa mfano wa pwani, maana wenzetu wa pwani jambo hili haliwasumbui hata kidogo. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Kairo, na inasimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed bin Ibrahim huko akajifunze kanuni, ule ubao wa nyuzi sabini na zaidi unaolazwa mapajani. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Leo nani atakayethubutu kumwambia Mzanzibari kwamba taarabu si yake? Kule Mombasa walikwenda mbali zaidi. Wana chombo kiitwacho taishokoto, chenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta. Kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikapendwa India, kikaingia katika taarabu ya Mombasa, na bibi harusi akitolewa nje hakuna anayeuliza pasipoti yake. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, na alirudi akiwa Mswahili zaidi kuliko alivyokwenda.

Na safari haikuwa ya upande mmoja. Huko Oman, Kuwait, Bahrain na Basra kuna ngoma inayoitwa tanbura. Kiini chake ni kinubi cha Kinubi, na pembeni mchezaji amevaa mshipi ulioshonewa kwato za mbuzi, anautikisa kiunoni. Waliokipeleka huko walikuwa Waafrika, wengi wao walipelekwa kama watumwa. Basra ni Iraki, na kutoka Basra kwenda magofu ya Uru si mbali. Kinubi kilitoka pale miaka elfu nyingi iliyopita, na kilirudi karibu na pale pale mikononi mwa watu weusi, kikiwa na jina jingine na kazi nyingine, kuwatuliza wenye mateso. Katika miaka yetu hii mwanamke wa Kijapani, Eriko Mukoyama, alikwenda kwa wazee wa Kijaluo akajifunza nyatiti, wakampa jina la Anyango, na sasa huipiga kwao Japani. Marehemu Ayub Ogada wa Kenya, aliyefariki mwaka 2019, aliipeleka nyatiti Ulaya, na wimbo wake ukaingia katika sinema kubwa mwaka 2005. Kwa hiyo mtoto akisema "kitu cha Waasia", aulizwe: Waasia wa mwaka gani?

Hapa sina budi kusema jambo linalonihusu, ingawa si desturi yangu kuleta mambo ya nyumbani katika kipindi hiki.

Baba yangu mdogo niliyemtaja aliacha kupiga litungu akiwa na umri wa miaka kama arobaini. Alibatizwa. Mhubiri wa kanisa alilojiunga nalo, ambalo sitalitaja, alimwambia kwamba chombo kile ni cha pombe na wizi wa ng'ombe na mizimu, akichome. Sitasema mhubiri alitunga yote. Kweli zilikuwapo nyimbo za kuwasifu walioteka mifugo, na pombe haikukosekana. Baba mdogo hakukichoma. Alizifungua nyuzi zote nane, akazikunja, akatundika gamba lake katika nyumba ya wachunga ng'ombe, juu kabisa, pasipo mkono wa mtoto. Likakaa huko miaka na miaka. Mchwa walianza nguzo ya kushoto.

Na kila Jumapili, wasikilizaji, katika kanisa lile lile, tulisomewa jinsi kijana mchunga mifugo aliyeitwa Daudi alivyoitwa kwa mfalme Sauli aliyesumbuliwa na roho mbaya, akapiga kinubi, mfalme akapata nafuu. Tulisomewa Zaburi ya mateka waliotundika vinubi vyao kwenye miti ya Babeli kwa sababu hawakuweza kuimba ugenini. Baba mdogo aliketi benchi la tatu, akisikiliza, na kinubi chake kimetundikwa nyumbani kwake mwenyewe, katika nchi ya baba zake. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ni chombo kile kile. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima na kuona picha ya kile kinubi cha Uru katika kitabu.

Ndiyo maana barua ya Mugumu imeniuma. Zamani tuliambiwa tuliache litungu kwa sababu ni letu mno, la kishenzi, la porini. Leo mtoto anaambiwa si letu hata kidogo, ni la Waasia. Sababu zimegeuka juu chini na tokeo limebaki lile lile: mzee amelitundika.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapo hapo Mara, alipotangaza katika Bunge kuundwa kwa wizara ya utamaduni, aliwasikitikia wasomi waliojua kucheza rumba na chachacha lakini hawakuijua hata ngoma moja ya kwao. Alizitaja kadhaa, gombe sugu, mangala ya huku, kiduo cha kule. Watu wa Mara hutania kwamba aliisahau ya nyumbani. Mimi naona aliona haya kujipendelea. Hata hivyo shule nyingi hadi leo zinafundisha litungu kama picha katika kitabu, lenye mstari mmoja chini yake. Mwalimu wa yule mtoto simlaumu sana. Huenda alisoma mstari mmoja uliosema asili ya vinubi ni Asia, akaurudia kwa nia njema. Kasoro yake ni kwamba hakumwita babu darasani. Babu yuko hatua chache kutoka shuleni, anajua kuchagua mti, anajua ngozi ikauke kiasi gani, anajua kulinganisha nyuzi nane gizani kwa sikio tu. Profesa wa Uru hajui hayo, na wapigaji wa Uru wamekufa na maarifa yao. Cha kwao kilibaki tundu ardhini mpaka mtu aje na plasta.

Mnisamehe, nimepandisha sauti.

Kuna jambo dogo ambalo limenishughulisha siku nyingi, nalisema kwa tahadhari. Sisi Wakurya tuna vizazi vinavyozunguka: Abasai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina upande mmoja, Abachuma, Abanyangi, Abamairabe na Abagini upande wa pili. Jumla ni vinane, vinne na vinne. Na nyuzi ni nane. Nilijivunia ugunduzi huo, nikaenda nao kwa baba mdogo nikitegemea atanisifu. Alicheka mpaka akakohoa. "Mura," akaniambia, "ukihesabu sana hutapiga." Kwa hiyo ugunduzi wangu nimeuacha hapo.

Lakini katika siku hiyo hiyo nilimweleza habari za Uru, kwa kuwa nilikuwa na picha. Nilitaka kuona kama atavunjika moyo kama yule mzee wa Mugumu. Aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akatazama kimya kwa muda mrefu nguzo mbili na mti wa juu. Kisha akaweka kidole kwenye kichwa cha fahali.

"Hawa nao walikuwa na ng'ombe," akasema.

Nikamwambia ndiyo, walikuwa nao wengi.

"Na walikilia wafu wao?"

Nikamwambia kwamba kinubi hicho kilikutwa kaburini.

Akatikisa kichwa, akanirudishia picha. Baadaye, jua lilipozama, alimtuma mjukuu apande darini katika nyumba ya wachunga ng'ombe alishushe lile gamba. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeliwa na mchwa hadi katikati. Aliichonga nyingine kwa siku mbili. Ngozi ilikuwa imepasuka, ikawambwa mpya. Nyuzi zilitoka dukani Sirari. Nilikuwapo usiku alipoujaribu ule uzi mzito. Kanisani bado anakwenda, benchi lile lile la tatu.

Kwa mzee wa Mugumu nimemwandikia barua na kuikabidhi kwa kondakta wa basi linalopita Tarime. Ndani yake nimeweka ile picha ya Uru, ili aitazame mwenyewe kwenye mwanga wa mlango wake. Na kwa kuwa nyuzi zilizolegea miezi mitatu huenda zimeharibika, nimefunga pamoja nayo bunda moja la nailoni, ile nene.

Juma lijalo, Mungu akipenda, reli.